Dwight Aliitwa Mara Mbili

Kwa miaka kumi na saba Dwight Ledbetter hakuwahi kupita mlango mmoja na Lonnie Pruitt, na hakuwa na rafiki mwingine wa kumzidi huyo. Lonnie alikuwa mtu mwema wa mieleka ya kwenye televisheni, kwa hiyo alishuka mbele ya kituo, akawapungia watoto mkono, akaingia kwa mlango wa vioo. Dwight alikuwa mwovu. Yeye alizunguka nyuma, akapita penye mapipa ya taka, akagonga mlango wa chuma mpaka mtu akumbuke kumfungulia. Mieleka ya kwetu, kusini mwa Marekani, ilikuwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Waliogombana ulingoni Jumamosi hawasalimiani dukani Jumanne. Watu wakiwakuta mahasimu wawili wanakula viazi sahani moja, nani atakata tena tiketi?

Wengine waliishika sheria hiyo kwa mkono mmoja. Dwight aliishika kwa yote miwili. Mke wa Lonnie alipofariki, mwaka tisini na moja, Dwight alitazama mazishi kutoka ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, amejikunja chini ya usukani na mwili wake ule wa kilo mia na ishirini, analia kama mtoto. Lonnie alipokuja kula kwake alipita njia ya mashambani na kuficha gari nyuma ya banda. Rhonda, binti wa pekee wa Lonnie, alikua akimwita Dwight Anko ndani ya nyumba. Nje ya nyumba alifundishwa kugeuza uso akimwona.

Kipindi chenyewe kiliitwa Mieleka ya Jumamosi. Kilirushwa moja kwa moja kutoka Chattanooga, saa tano asubuhi, baada ya katuni na kabla ya mahubiri. Ukumbi mdogo, viti mia moja na hamsini, kamera tatu. Dwight alikuwa Jaji Mortimer: joho jeusi, nyundo ya mbao mkononi, na domo la kuwatukana wafanyakazi wa viwanda vya mazulia vya mji wa Dalton mpaka wanawake wa makamo wanasimama juu ya viti kumzomea. Lonnie hakuhitaji jina la kubuni. Alikuwa Lonnie Pruitt wa Dalton, fundi mitambo wa kiwanda cha mazulia siku tano za juma, na kila mtu mle ukumbini alimwona wake.

Ikaja miaka ile ya tisini na kitu, na mieleka mikubwa ya kitaifa ya Jumatatu ikaingia kila nyumba yenye waya wa kebo. Huko watu walitukana wazi, wakacheka na kamera, wakatoa siri za kazi hadharani na kuzifanya sehemu ya mchezo. Lonnie aliyapenda hayo. Mwezi wa Septemba, tisini na nane, mwandishi wa gazeti la Jumapili alimfuata kiwandani, naye Lonnie akafungua mdomo kama mfereji. Akasema Jaji ni mtu mpole. Akasema wanachoma nyama pamoja kila sikukuu. Akasema hata mapishi ya Charlene, mke wa Jaji, anayajua.

Dwight alimpigia simu kabla hajavua nguo za kanisani.

"Umetuuza, Lonnie."

"Nimeuza nini, mzee? Kila mtu anajua. Mtoto wa darasa la pili anajua."

"Mama yangu hajui."

"Mama yako ana miaka themanini na mbili na anaamini mtangazaji wa hali ya hewa ndiye anayeleta mvua."

"Usimtaje mama yangu."

"Dwight, kaka, tulia. Nimechoka kuficha gari nyuma ya banda la kuku. Nina miaka arobaini na tisa. Nataka nije kwako kwa mlango wa mbele, nibishe hodi kama binadamu, basi."

Dwight alikata simu, na kuanzia siku hiyo hakusema naye neno nje ya ulingo. Ndani ya ulingo huwezi kuacha kusema. Watazamaji hawajui, lakini wale watu wawili wanaokabana koo wanaongea muda wote, mdomo umefichwa kwapani au nywelani: sasa kulia, taratibu, nipe pumzi kidogo. Wanaitana kaka, au mzee, au jina la kazi. Jina lako la kweli halitajwi. Linatajwa siku moja tu, siku mtu amevunjika kikweli. Ukisikia jina lako unaacha kila kitu, unamlalia mwenzako kana kwamba unambana, unamnong'oneza mwamuzi, na mchezo unakwisha hapo hapo, hata kama mlipanga utwae mkanda wa dhahabu.

Dwight mwenyewe aliwahi kulitumia. Mwaka themanini na sita, huko Knoxville, goti lake lilitoka mahali pake, akasema "Lonnie," mara moja, polepole. Lonnie alikuwa ashinde mkanda usiku ule, na mama yake mzazi alikuwa kiti cha mbele. Alijiangusha chini kama aliyepigwa risasi, akahesabiwa tatu, akakosa mkanda, na hakuutaja tena maishani.

Na huyo huyo Lonnie, kiangazi kile cha tisini na nane, aliligeuza jina kuwa mchezo. Dwight amembana shingo mbele ya kamera, uso umekunjwa kwa ghadhabu ya kulipwa, mara anasikia kutoka kwapani: "Dwight, umezima jiko?" Juma linalofuata: "Dwight, Charlene amepika nini leo?" Alitaka kumchekesha tu. Mara ya kwanza nusura amchekeshe kweli. Baada ya lile gazeti, Dwight hakuona cha kuchekesha.

Jumamosi ya tatu ya Oktoba walipangiwa dakika kumi na mbili, Jaji ashinde kwa Nyundo ya Hukumu. Hilo lilikuwa pigo lake la kumalizia. Unamgeuza mtu kichwa chini, unambana kwa mapaja, kisha unaketi chini kwa kishindo kama anayetwanga. Likifanywa vizuri kichwa hakigusi hata turubai, na Dwight alikuwa amemfanyia Lonnie mara mia nne bila kumkwaruza sikio.

Dakika ya tisa alimrusha hewani, ageuke aangukie mgongo. Jambo la kawaida, la kila juma. Sijui kama ni jasho au ni umri. Lonnie hakugeuka vya kutosha. Aliangukia shingo. Watu wakapiga makelele ya furaha na uchungu, kama kawaida yao.

"Dwight," alisema Lonnie.

Haya, ameanza, Dwight akawaza. Akainama amshike nywele.

"Dwight. Mikono."

Hapa hakuna haja ya kuzungukazunguka. Mara ya pili Dwight alijua. Sauti ile ilikuwa nyembamba, haina pumzi nyuma yake, na katika miaka kumi na saba hakuwahi kuisikia kwa Lonnie, na akajua. Lakini kijana wa kamera alikuwa ameinua vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Na kifua cha Dwight kilikuwa na hasira ya majuma matatu. Si unasema ni mchezo? Kila mtoto anajua ni mchezo? Basi cheza. Hayo ndiyo aliyowaza. Yalichukua muda wa mtu kupiga chafya.

Akamwinua. Mtu mzima anapoinuliwa hujirusha kidogo kumsaidia mwenzake. Lonnie hakujirusha. Dwight aliinua gunia, akaligeuza, akaketi kwa kishindo. Mwamuzi akahesabu mpaka tatu, kengele ikalia. Alipojiinua aliona macho ya Lonnie yako wazi, yanatazama taa za darini, hayapepesi.

Hospitalini daktari alizungumza na Rhonda, na Rhonda akampigia Charlene, mke wa Dwight. Mfupa wa shingo ulipata ufa kwenye anguko la kwanza. La pili ndilo lililomaliza kazi. Angeachwa alale pale pale, huenda leo angekuwa anatembea. Mikono na miguu haikusikia kitu, na daktari hakuahidi.

Charlene aliweka simu chini, akasimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi.

"Rhonda anauliza. Baba yake anasema alikuita. Hukumsikia?"

"Watu walikuwa wanapiga makelele," alisema Dwight.

Na ni kweli, walikuwa wanapiga makelele.

Buford Cagle, mwenye kipindi, alifika asubuhi ya Jumatatu na kofia mkononi, na alikuwa na huzuni ya kweli, hatumsingizii. Lakini hata huzuni yake ilijua njia ya kwenda ukumbini.

"Usiende hospitali, Dwight. Wewe ndiye uliyenifundisha mwenyewe. Watu wamejaa kule chini na maua. Wakikuona unapanda kumtazama, kwisha habari yetu."

"Nisiende kabisa?"

"Si sasa. Na Jumamosi utaongea. Lonnie mwenyewe amesema uongee, nimetoka kwake. Amesema, 'Shingo imeshavunjika, angalau ijaze viti.'"

Kwa nini Dwight alikubali? Kwa watu alisema ni sheria ya kazi. Moyoni alijua kwamba sheria ile, aliyoitumikia miaka yote bila malipo, sasa ilikuwa inamlipa. Ilimpa sababu ya kutotazamana na Lonnie. Akaishukuru, na akajichukia kwa kuishukuru.

Jumamosi akavaa joho. "Nilimvunja," aliiambia kamera. "Nilitaka kumvunja, nikamvunja, na mkimleta juu ya magurudumu nitamvunja tena." Mwanamke mmoja mstari wa pili alizirai. Mwanamume mmoja alitupa kiatu. Alipofika nyumbani simu ilikuwa inalia.

"Anko, ni mimi Rhonda. Baba amekuangalia. Amesema umefanya vizuri sana. Mimi nilitoka chumbani, Anko. Sikuweza."

"Rhonda..."

"Najua ni kazi. Nimekua nayo. Ila nakuuliza kitu kimoja tu. Ulimsikia?"

Charlene alikuwa anamtazama kutoka kwenye sinki. Dwight akasema gari la takataka limeziba njia, anaitwa nje, atapiga baadaye. Hakupiga.

Juma lile hakula. Charlene alimpikia mikate na mchuzi wa soseji, chakula ambacho hajawahi kukiacha, akakiacha. Alhamisi akamwambia mkewe yote, mezani, mikono juu ya kitambaa cha meza: ya kwanza alidhani utani, ya pili alijua. Charlene hakumgombeza. Alisema, "Basi mwambie mwenyewe. Usimwambie mtu mwingine kabla yake." Ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote aliopata maishani, na hakuufuata. Alimwogopa Lonnie mmoja kitandani kuliko watu mia moja na hamsini na kamera tatu. Kwenye kamera alizoea.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya Oktoba, ambapo watoto wa kwetu hujivika vya kutisha, na wale wa ukumbini walivaa vinyago vya mapepo na maboga. Dwight aliingia ulingoni, akavua joho, akaliweka chini. Akaweka nyundo juu yake. Alibaki na fulana na kitambi chake, mwanamume wa miaka arobaini na saba.

"Mimi siitwi Mortimer," alisema. "Naitwa Dwight Ledbetter. Lonnie Pruitt ni rafiki yangu wa miaka kumi na saba. Ulingoni, mwenzako akikuita jina lako la kweli, unaacha. Aliniita mara mbili. Ya kwanza nilidhani ananitania. Ya pili..." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatoke. "Ya pili nilijua. Nilijua ameumia, nikamwinua, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Lonnie, nisamehe. Nilikusikia."

Kwa pumzi mbili au tatu Dwight alihisi kitu kizito kinamtoka mabegani. Kisha mzee mmoja wa kofia ya kijani akasimama nyuma.

"Mwongo mkubwa wewe!"

Watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko yakaja mazomeo ambayo jengo lile halijawahi kuyasikia. Kikombe cha soda kikampiga kifuani. Mtoto wa kinyago cha boga alimtolea ulimi. "Mabibi na mabwana," mtangazaji alinguruma, "hana haya! Analia machozi ya bandia juu ya kitanda cha mgonjwa!" Dwight akapaza sauti, "Ni kweli! Nasema kweli!" Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kuzomea. Alikuwa amewadanganya vizuri mno kwa miaka mingi mno.

Nyuma ya pazia Cagle alimkumbatia, mashavu yamemlowa.

"Miaka thelathini kwenye kazi hii sijaona kitu kama kile. Na kutumia jina lako la kweli! Si ndivyo wanavyofanya siku hizi kule kwenye ile mikubwa ya Jumatatu? Nani amesema wewe mzee?"

"Buford, sikuwa naigiza."

"Hivyo hivyo!" Cagle alimpiga begani. "Usiache kuigiza hata hapa."

Jumapili, baada ya ibada, Dwight aliendesha gari mpaka hospitali na kuegesha mbele kabisa, penye jua. Akapita mlango mkuu. Mapokezi palikuwa na bibi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, akamtambua.

"Mungu anakuona wewe," bibi alimwambia.

"Najua, mama."

Chumbani Rhonda hakuwepo, ameshuka kununua kahawa. Lonnie alilala chali, kichwa kimefungwa ndani ya kitu cha chuma, na muuguzi alikuwa anamnyoa ndevu. Alikuwa amepungua. Macho tu ndiyo yalikuwa yale yale, na yalipomwona Dwight yakacheka.

"Tazama nani kaja kwa mlango wa mbele! Dada, huyu ndiye adui yangu. Angalia wembe wako, asikunyang'anye."

Muuguzi akacheka. Dwight akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi.

"Jana ulikuwa mtamu, kaka," alisema Lonnie. "Mtamu! Yale machozi! Lile la 'ya pili nilijua' ulilitoa wapi? Hata mimi nilikuamini kidogo."

"Lonnie, halikuwa igizo."

"Unamwona, dada? Hata mbele ya mgonjwa haachi. Huyu alitazama mazishi ya mke wangu kutoka chini ya usukani, kwa ajili ya kazi. Hawa hawazaliwi tena."

Muuguzi alimfuta sabuni, akakusanya vyombo vyake, akatoka na kuufunga mlango. Lonnie akaacha kucheka.

"Sasa tuko wawili," alisema. "Niambie mimi. Nilikuita. Rhonda ana lake kichwani, haniambii, lakini namwona. Mimi nimelala hapa siku kumi na tano nalifikiria, sina shughuli nyingine. Dwight ninayemjua, ukimwita kweli, anaacha. Kwa hiyo ni lile jiko langu, sivyo? Umezima jiko, amepika nini. Nilikuzoesha. Uliposikia ulidhani natania. Mara zote mbili."

Sababu ilikuwa pale, mbele yake, imeshatengenezwa; hakuhitaji hata kuitunga. Jana alisema ukweli mbele ya mkoa mzima na hakuna aliyeuchukua. Leo mtu mmoja pekee angeuchukua, na Dwight aliona uso wake utakavyokuwa akishauchukua. Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Nilidhani unatania," alisema.

"Mara zote mbili."

"Zote mbili."

Lonnie akafumba macho. "Basi ni mimi," alisema. "Ni mdomo wangu mwenyewe ulionivunja shingo." Machozi yakamtoka, yakateremka pande zote mbili kuelekea masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Dwight akachukua karatasi laini kwenye kijisanduku, akamfuta upande wa kulia, akazunguka kitanda, akamfuta wa kushoto. Alifungua mdomo. Angeweza kusema wakati ule. Alikuwa na nafasi ya kutosha, Lonnie alikuwa amefumba macho na chumba kilikuwa kimya, na mpaka leo Dwight anapokumbuka jambo lolote katika maisha yake hukumbuka kimya kile.

Mlango ukafunguliwa. Rhonda aliingia na vikombe viwili vya kahawa, akasimama alipomwona.

"Njoo, mwanangu," alisema Lonnie. "Nilikwambia nini? Anko wako hana kosa. Ni utani wangu wa kipumbavu ulioniponza, ameniambia sasa hivi. Msalimie."

Rhonda aliweka kahawa dirishani. Alimtazama Dwight muda mrefu, kisha uso wake ukalegea, akaja akamkumbatia kwa nguvu, kichwa chake kifuani pale pale kikombe kilipompiga jana.

"Nisamehe, Anko," alisema. "Nilikuwa nakuwazia vibaya. Majuma mawili nakuwazia vibaya."

Dwight akamshika mabega.

"Hakuna neno, mwanangu," alisema.